Ngozi ya Bakteria na Mguu wa Mama

Mama yangu alipolazwa, na daktari akasema huenda mguu wake wa kushoto ukakatwa, sikumtafuta Mungu kwanza. Nilitafuta wa kumlaumu. Wala sikwenda mbali, kwa sababu mtu mwenyewe nilikuwa nimeshamdharau kwa miaka mingi: mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu, mchoma sindano za ng'ombe kule Marangu.

Nianze na hiyo dharau, maana ndiyo iliyonifikisha hapa. Mimi ni mtu wa dharau na sifichi. Marehemu baba alikuwa akisema nilitoka tumboni nikiwa nimeshabinua mdomo. Nawadharau wanaokohoa bila kuziba kinywa, wanaosema "bacteria ni virusi tu", wanaonunua redio kubwa kuliko sebule. Nafanya kazi maabara ya bakteria katika hospitali moja hapa Moshi, naishi Rau, na kila asubuhi nikivaa koti jeupe najiona kama mtu pekee mwenye akili timamu kati ya msitu wa Rau na kilele cha mlima.

Kabla ya kazi hii nilikaa miaka minne nchi ya baridi nikisomea kitu kimoja. Krismasi niliyorudi, wakati kila Mchagga aliyeko chini amepanda nyumbani, mjomba mmoja aliniuliza mbele ya ukoo mzima, mbuzi akiwa anachemka: "Sasa mama, hebu tuambie, huko ulisomea nini hasa?" Nikawaambia. Loo, laiti ningenyamaza.

Niliwaambia kuna bakteria wenye ngozi mbili, moja ya ndani na moja ya nje, na katikati kuna majimaji. Ile ya nje ndiyo inayowafanya wabishane na dawa. Lakini bakteria naye lazima ale, kwa hiyo ngozi ya nje ina matundu, na kila tundu ni protini iliyokunjwa mpaka ikawa kama pipa lisilo na mfuniko wala kitako. Chakula kinapita hapo, na dawa nyingi nazo zinapita hapo hapo. Sasa pipa hilo linaanzia ndani likiwa uzi mrefu uliolegea. Uzi unasukumwa nje ya ngozi ya kwanza, unapokewa na wasindikizaji wanaoushika usijisokote hovyo, unafikishwa kwenye ngozi ya nje, na pale ndipo ilipo mashine. Ina vipande vitano, vimepewa herufi, A mpaka E. Inaupokea uzi, inaulaza mstari kwa mstari hadi duara linafunga, inaupachika ukutani. Na yote hayo inayafanya mahali ambapo hakuna hata chembe ya ile nishati inayoendesha kazi nyingine za mwilini mwake. Halafu, niliwaambia nikiwa nimesimama kabisa, kipande A chenyewe ni pipa, nacho kilipachikwa pale na mashine nyingine ya aina yake!

Mjomba akatafuna, akameza. "Inatibu nini?"

"Haitibu kitu, mjomba. Ni mashine ya bakteria."

"Yaani umekwenda Ulaya miaka minne kuangalia wadudu wanavyotengeneza mapipa." Akageuka kwa wenzake. "Na hapa pipa la pombe ya mbege linavuja tangu Oktoba!"

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mimi nilikaa chini nikiwatazama mmoja mmoja, nikasema moyoni: ng'ombe. Wala sikuwaambia lililokuwa baya zaidi, kwamba kati ya vile vipande vitano, A na D ndivyo ambavyo bakteria hawezi kuishi akivikosa, na mimi miaka yangu yote minne nilikuwa nimesomea E. Ukimnyang'anya bakteria kipande E anadhoofika kidogo tu, anaendelea na maisha yake.

Mmoja tu hakucheka, naye ni mdogo wangu. Alikuwa amechuchumaa karibu na moto akigeuza nyama. Akaniuliza, "Dada, kwa hiyo mdudu akipunguza yale matundu, dawa haiingii?"

Ndilo lilikuwa swali lenyewe. Mwalimu wangu wa nchi ya baridi angelifurahia. Mimi nilimjibu, "Wewe geuza nyama." Watu wakacheka tena, safari hii pamoja na mimi, na nilijisikia vizuri.

Huyu mdogo wangu, kwa desturi ya kwetu, ndiye aliyebaki na mama katika kihamba, shamba letu la migomba la ukoo, maana kitinda mimba ndiye hurithi nyumba ya wazazi. Sisi wengine tulitawanyika. Kidato cha nne alifeli vizuri, bila ubishi. Akapandisha mizigo ya watalii mlimani na wale tunaowaita wagumu, misimu mitatu, mpaka goti likamkatalia. Kisha akaanza kumbebea begi bwana mifugo mmoja mzee, akimshikia ng'ombe wakati wa kuchoma, na mzee alipostaafu, begi likabaki kwake. Basi! Kijiji kizima kikaanza kumwita dokta. Ng'ombe amevimba kiwele, "muiteni dokta." Ndama anahara, "dokta yuko wapi?" Nilikuwa nikisikia neno hilo nabinua mdomo. Dokta wa nini? Mimi niliyepima bakteria mpaka macho yakauma, pale kijijini naitwa "yule wa mapipa".

Kazini nako nilikuwa na watu wa kutosha wa kuwabinulia mdomo. Mgonjwa anakuja kupimwa mkojo, ukimuuliza umekunywa dawa gani, anasema, "Nilinunua zile za rangi mbili, vidonge vinne, nikaona nafuu nikaacha." Vinne! Muuza dawa naye anakata pakiti kwa mkasi kama anauza ubani. Nilikuwa na hotuba yangu, na kila aliyekaa mbele yangu aliisikia atake asitake: ukinywa dawa nusu, unawaua bakteria wanyonge na kuwaacha wababe. Wale wenye matundu machache ndio wanaobaki na kuzaana. Unawafanyia mazoezi maadui zako mwenyewe, halafu unakuja kulia hapa. Wanafunzi wa vitendo waliijua hotuba ile kwa moyo, na walikuwa wakiniigiza nikitoka. Niliwafuma siku moja. Waliigiza vizuri.

Kwa mama nilikuwa mwana mwema. Ana kisukari, na kila mwezi nilimpandishia dawa zake, unga, mafuta ya kula, na juu yake pakiti mbili tatu za sipro, dawa ya kuua bakteria. Alikuwa ameugua mkojo miaka miwili kabla ya haya, homa ikampanda, na kutoka kwetu mpaka kwenye zahanati ni mteremko mbaya wakati wa mvua. Nikaona awe na dawa ndani. Nilimwambia kwenye simu: ukiona dalili zile, unakunywa asubuhi na jioni mpaka pakiti iishe. Akasema sawa mwanangu, Mungu akubariki. Hakuna daktari aliyeandika dawa ile. Nilichukua kwa muuza dawa niliyefahamiana naye, mmoja wa wale wale wa mkasi. Lakini mimi si kama watu, mimi nilijua ninachofanya.

Mama alijikata kwa mundu akikata majani ya ng'ombe, juu kidogo ya kifundo. Kidonda kidogo, akakifunga kitambaa akaendelea kuzoa samadi. Mwenye kisukari! Mficha maradhi kifo humuumbua, na mama yangu alikificha kidonda kile kama msichana anavyoficha barua. Mdogo wangu aligundua baada ya siku kadhaa, akawa anakiosha kwa maji ya chumvi na kumsihi aende hospitali. Mama akakataa, akamkataza hata kunipigia. Wiki ya tatu harufu ilipofika sebuleni, akanipigia kwa siri kutoka bandani. Nilikodi gari, nikapanda, nikamkuta mama kitandani anatetemeka, mguu umevimba unang'aa. Sikumsalimia hata mdogo wangu.

Daktari aliyempokea alikuwa kijana, nikamdharau pia kwa sekunde chache, mpaka nilipoona anavyokigusa kile kidonda kwa upole na kwa kujua. Akaniita pembeni. "Tunamwanzishia dawa sasa hivi. Lakini nahitaji majibu yenu ya maabara. Dawa isipomshika ndani ya siku chache, huu mguu tutaukata, la sivyo utamchukua yeye mwenyewe." Mama alisikia. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na majani ya ng'ombe nitakata nikiwa nimesimama na nini?" Nilitoka nje ya wodi nikalia, nikafuta uso, nikaenda maabara.

Kipimo cha mama sikumwachia mtu. Nilikipanda mwenyewe kwenye sahani, nikaziweka kwenye kabati la joto, kesho yake nikazitoa. Walikuwa wameota, rangi ya waridi, wanene, wenye utelezi. Ukiwagusa kwa waya wanavutika kama mlenda. Klebsiela, wa ngozi mbili, wale wale wangu. Nikawatandaza kwenye sahani nyingine na kuweka juu yake vile viduara vya karatasi vyenye dawa, kila kimoja na dawa yake. Dawa inayofaa hujitengenezea uwanja mweupe pembeni, bakteria hawasogei. Siku iliyofuata nilifunua sahani. Kiduara cha kwanza, bakteria wameota hadi ukingoni. Cha pili, hadi ukingoni. Sipro, walikuwa wamekilalia kabisa kama godoro. Dawa moja tu ya sindano ilikuwa na uwanja, nao mwembamba.

Nilijua bila kuambiwa kwamba nawatazama wababe. Wana vimeng'enya vya kukata dawa, na mabomba ya kuitapika nje, na matundu wameyapunguza. Nilijua mashine inayoyapachika matundu hayo kuliko mtu yeyote mkoa huu. Nilijua pia kwamba kuna watu huko mbali wanatafuta dawa za kuikaba mashine yenyewe, kwa kuwa kipande A kimekaa ngozi ya nje, unaweza kukikaba bila kuingia ndani. Ni wazo zuri, na kwenye stoo ya dawa ya hospitali yetu wazo halidungwi. Miaka minne ya kusoma, na nilichoweza kumfanyia mama yangu ni kuandika herufi R mara nyingi kwenye karatasi, yaani dawa hii haifai, na hii haifai, na hii.

Hapo ndipo nilipoamua kwamba mdogo wangu amemchoma mama dawa ya ng'ombe. Nani mwingine? Ana chupa, ana sindano, ana ujinga. Sikuhitaji ushahidi.

Nilipanda Marangu mchana ule ule na koti langu la maabara ndani ya begi. Nilimkuta kwa jirani, kamba ya ng'ombe ameizungusha kiwikoni, watu sita saba wamesimama wanaangalia. Sikungoja amalize. Nikasema kwa sauti iliyofika barabarani: "Umemchoma mama dawa ya ng'ombe! Wadudu walioko kwenye mguu wake hawafi kwa kitu. Mguu unakatwa kwa sababu yako, dokta!"

Alimwachia ng'ombe taratibu. "Dada, sijamchoma mama."

"Mwongo."

"Sijamchoma."

Nikalichukua begi lake na kulimwaga kwenye majani ya migomba. Chupa zikabiringika, mwanamke mmoja akasema "Yesu wangu." Mdogo wangu alinitazama usoni, akafungua mdomo kama mtu anayetaka kusema jambo refu, akaufunga. Akasema, "Sawa, dada." Akainama akaanza kuokota.

Hiyo "sawa" niliichukua kuwa ni kukiri. Nilishuka mjini nimetulia kabisa, nashukuru ukweli umejulikana. Na kule juu maneno yalifanya kazi yake. Ndani ya siku mbili hakuna aliyemwita tena kutibu ng'ombe. Mtu aliyemharibu mama yake mzazi, nani atampa ndama?

Mama alibadilishiwa dawa, akawekwa kwenye ile ya uwanja mwembamba. Homa ilishuka kidogo, lakini picha ilionyesha uozo umeshaingia mfupani. Daktari akaniambia, "Nataka kujua dawa zote alizokunywa mwaka huu na mwaka jana. Zote. Kuna moja imetumika sana kwa mama huyu." Nikasema kwa kiburi, nitakuletea chupa zenyewe uone.

Nikapanda tena. Mdogo wangu hakuwepo, alikuwa wodini na mama. Niliingia chumbani kwa mama kutafuta chupa za ng'ombe. Chini ya kitanda kulikuwa na kopo la biskuti, lile lililokaa na sindano za kushonea tangu utoto wetu. Nikalifungua. Ndani kulikuwa na vifundo vya karatasi ya daftari vimesokotwa vizuri, kama vile vya chumvi ya kuuzia dukani. Nikakifungua kimoja. Vidonge viwili vya sipro. Cha pili, viwili. Vyote, viwili viwili. Na chini yake pakiti nilizokuwa nikituma mimi, zimekatwa kwa mkasi.

Nilikuwa bado nimepiga magoti pale wakati shangazi, dada yake marehemu baba, alipobisha hodi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanipa pole ya mama, akakaa kitandani. Kisha macho yake yakaangukia kopo.

"Ah, umeyaona mafungu. Vya kwangu vimo? Mwezi huu sijachukua."

"Vya kwako vipi, shangazi?"

"Si zile dawa zako kali! Mama yako si mchoyo. Ukileta, anatugawia. Viwili viwili, kila nyumba. Wewe humjui mama yako? Mbuzi akianguka nyumbani, kila kiungo kina mwenyewe, hawezi kula peke yake kilicholetwa na mtoto wake. Mtu akisikia baridi anameza kimoja, akisikia mgongo anameza kimoja. Na yeye mwenyewe mama yako hakosi viwili vyake kila mwezi, hata kama haumwi, kwa heshima yako. Dawa nzuri sana aisee. Mungu akuzidishie."

Miaka miwili, mwezi kwa mwezi, mimi mwenye hotuba nilikuwa nimewalisha ukoo mzima dawa nusu, na mama yangu mbele ya wote. Bakteria wale walioota mpaka juu ya kiduara cha sipro walikuwa wamelelewa na mimi, kwa posho ya kila mwezi. Nilimpa shangazi maji ya kunywa, nikamwambia kopo nalichukua, nikateremka.

Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi. Nikamwekea kopo mapajani. Akalitazama, hakulifungua.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilimwambia mama aache. Yule mzee wangu wa mifugo alinifundisha, ng'ombe ukimpa dawa nusu unaiharibu dawa. Mama akanikataza kukuambia. Alisema utaona aibu, na utaacha kuleta, na watu watasema amewanyima." Akalizungusha kopo mapajani. "Na siku ile kwa jirani ningesemaje, dada? Niseme mbele ya watu kwamba ni wewe?"

Nilimshika mkono. Nikamwambia nisamehe, nimekuharibia jina, nisamehe. Nilikuwa nalia kwa kelele, wauguzi wanageuka. Nikamwambia nitapanda nikate isale nimletee, maana kwetu aliyekosa akija na jani lile mkononi, huwezi kumkatalia.

Akautoa mkono wake, kwa upole. "Usilete isale, dada. Ukilileta nitalazimika. Na mimi bado sijawa tayari."

Kesho yake asubuhi daktari alikuja na karatasi. Wanakata saa nne, chini ya goti. Mama akasema ataweka dole gumba baada ya kuzungumza na mimi peke yangu. Mdogo wangu akatoka.

Mama alikuwa amekonda uso, macho makubwa. Alinishika kidole kimoja kama mtoto mchanga anavyoshika. "Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Wamekuja watu kuniona jana. Wanasema mdogo wako alinichoma dawa ya ng'ombe nikiwa nimelala. Nimemlea yule, na sijawahi kumwogopa. Sasa usiku akinipa maji nikawa nayatazama kwanza kabla ya kunywa. Niambie wewe. Nikitoka hapa na mguu mmoja, nirudi kwake?"

Nimeshapigwa makofi maishani, hakuna lililonifika kama hilo. Nilimwona mama akiyachungulia maji ya mwanawe kwa sababu ya mdomo wangu.

Nikamwambia. Sikutumia maneno ya kitaalamu, nilimwambia tu: hakukuchoma kitu. Ni vile vidonge vyangu. Nilikuletea bila daktari, na vikanywewa viwili viwili, na wadudu wakavizoea. Dawa ilipohitajika haikufanya kazi. Na wewe ulipogawa ulifanya vile ulivyolelewa, mimi ndiye niliyepaswa kujua. Halafu nikamsingizia yeye mbele ya watu.

Aliachia kidole changu. Nilitaka aseme "si kosa lako", nilikuwa nalingojea kabisa. Hakulisema.

"Hao wengine," akasema. "Shangazi yako na wote niliowagawia. Na wadudu wao wamezoea?"

"Inawezekana, mama."

Akaanza kuhesabu kwa vidole, nyumba kwa nyumba, kuanzia mfereji mpaka kanisani. Kumi na moja. "Nenda. Kila nyumba, uingie. Vidonge uvichukue, na useme kwa mdomo wako ule ule kwamba mdogo wako hana kosa. Usingoje hapa. Na umwite yeye, anisindikize mpaka mlangoni."

"Mama, acha nikae mpaka utoke. Nitakwenda jioni."

"Nenda sasa."

Nilipotoka alikuwa ananyoosha mkono kwa mdogo wangu anayeingia. Hakugeuka kunitazama.

Nyumba ya kwanza ni ya shangazi. Alisikiliza, akaenda ndani, akarudi na kifundo kimoja, akakiweka mkononi mwangu. Ya pili kuna mzee mwenye ulimi kama wangu. Nilimwamkia, nikasema niliyotumwa. Akacheka mpaka fimbo ikamponyoka. "Kumbe nyani haoni kundule, eh? Msomi wa mapipa!" Nikasema ndiyo, babu. Nikasimama pale mpaka alipomaliza kucheka, akanipa vidonge vitano alivyokuwa ameviweka kwenye soksi. Ya tatu ni kwa yule jirani wa siku ile, na ndiyo iliyoniuma. Ng'ombe wake alikuwa amelala chini siku ya tatu, mbavu zinahesabika. "Niliogopa kumwita," akasema, "baada ya yale uliyosema." Nikamwambia mpigie, mpigie leo hii hii, mimi ndiye mwongo. Hakuamini upesi. Ilibidi niseme mara mbili, na mara ya pili mbele ya mke wake na majirani wawili waliokuwa wakipita, kwa sauti ile ile ya siku ile.

Nilikuwa nimeingia uani kwa nyumba ya nne simu ilipoita. Ni mdogo wangu.

"Wamemaliza," akasema. "Chini ya goti. Daktari anasema damu ni safi, hali ni nzuri."

Nilikaa chini kwenye kinu kilichopinduliwa. Nikasikia vyuma vya wodini, mtu anaita muuguzi.

"Dada, upo?"

"Nipo. Amezinduka?"

"Amezinduka. Anauliza umefika nyumba ya ngapi."

Nikamwambia ya nne. Akamwambia mama. Kisha akarudi kwenye simu, akasema, "Anasema zimebaki saba."